Magharibi Iliyopangiwa Saa

Meneja alitaka namba, Dahabo akampa namba. Kosa lote ni hilo, na ukitafuta kosa kubwa kuliko hilo utachoka bure.

Ilikuwa Septemba, ofisini kwa Bwana Kolterman, juu ya kiwanda cha nyama kule Nebraska. Dahabo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, hijabu yake bado inanuka mafuta ya ng'ombe. Walikuwa Wasomali thelathini hivi kwenye zamu ile, ile inayoanza saa tisa alasiri na kukwisha karibu na usiku wa manane. Wenzake walimtuma yeye kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka. Kule kambini Dadaab alikuwa mkalimani wa hospitali, na daktari alikuwa hawezi hata kukohoa bila yeye kumtafsiria. Ombi lilikuwa moja tu. Sala nyingine watajipanga wenyewe kabla ya zamu na baada ya zamu na kwenye mapumziko madogo, ila magharibi ni fupi, haimngoji mtu. Wapewe nafasi ya kuswali jua likizama.

"Sawa," alisema Kolterman. Tuseme ukweli, siku ile hakuwa mtu mbaya. "Saa ngapi?"

"Jua likizama."

"Mama, mkanda wa nyama unaendeshwa na kompyuta. Kompyuta haijui jua. Nipe namba."

Dahabo akachungulia simu yake. Jua la siku ile lilikuwa linazama saa moja na dakika arobaini, akaitaja. Kolterman akaiandika, akapanga chakula cha zamu nzima kiangukie hapo hapo, wenye kuswali waswali na wenye kula wale. Akamsogezea karatasi, Dahabo akatia sahihi. Kolterman akanyoosha mkono, Dahabo akaweka wake kifuani, Kolterman akacheka, akasema aa, kweli, samahani. Waliachana vizuri.

Sasa usimcheke. Kwetu jua ni kiumbe mwenye adabu zake. Mwaka mzima linazama kwenye saa kumi na mbili na ushee, leo, kesho, masika, kiangazi, na hata saa zenyewe tunaanza kuzihesabu likichomoza na tunaanza upya likizama. Hawa wenzetu wanaanza kuhesabu siku katikati ya usiku, mbwa amelala, mtu amelala, halafu wanatushangaa sisi. Dahabo alifika Nebraska mwezi wa Aprili. Alikuwa ameona jua likichelewa kuzama wakati wa joto, akadhani ndivyo lilivyo huko, mvivu kidogo. Hakuna aliyemwambia kwamba lingegeuka.

Naongopa. Mmoja alimwambia. Guure, mzee mwembamba wa meno ya dhahabu, aliyewahi kuendesha teksi Minnesota na kula baridi ya kutosha, alimshika siku ile ile kwenye ngazi.

"Umempa nini, bibi mkalimani?"

"Saa moja na dakika arobaini."

"Umempa saa? Msichana, jua la huku ni kama mwanamume mwenye nyumba mbili, hujui leo analala wapi. Ungemwambia 'jua likizama', ukanyamaza."

"Kompyuta haijui jua, adeer," alijibu, akimwita ami kwa Kisomali.

"Na wewe hujui huku."

Hapo ndipo Dahabo alipochemka. Yeye aliyetafsiri habari za moyo na figo na uzazi, leo afundishwe kazi na dereva wa teksi? Akamwambia, "Mzee, wewe swalisha tu, ya ofisini niachie mimi." Guure akacheka na meno yake, akaenda zake.

Na kwa majuma kadhaa mambo yalikuwa matamu, wallahi. Kengele ikilia, mkanda unasimama, watu wanavua glavu za chuma na aproni, wanatawadha kwenye masinki marefu, wanatandika maboksi yaliyokunjuliwa kwenye ukumbi wa makabati. Wanaume mbele, wanawake nyuma, Guure anaswalisha. Siku moja Dahabo alichelewa kwa sababu kisu chake kilikataa kusafishika. Alipofika, safu ya wanawake ilikuwa imejaa bega kwa bega, hakuna pa kupenya. Akafanya kama tulivyofundishwa: akahirimia, yaani akafunga sala, peke yake nyuma, kisha akavuta taratibu nguo ya mtu wa mbele yake, na yule aliyevutwa akarudi hatua moja wakawa wawili. Aliyevutwa alikuwa mdogo wake, Ubah.

"Umenivuta kama mbuzi wa mnadani, dada," Ubah alimwambia baadaye, anatafuna sambusa. "Nusura nianguke."

"Ningeswali peke yangu nyuma kama mwenye ukoma?"

"Basi vuta kwa adabu."

Wote wakacheka. Dahabo ndiye aliyemfundisha Ubah hilo, zamani, hemani, Ubah ana miaka saba na miguu haitulii. Alimshika vifundo akavipanga kimoja kimoja. Akamwambia, mtu akikuvuta nguo, rudi nyuma, hata kama humpendi. Mtu haachwi aswali peke yake nyuma ya watu.

Oktoba ikaingia na ujanja wake. Kule kiwandani hakuna dirisha. Kuna mlango wa kupakilia malori tu, wenye mapazia ya plastiki nzito, na ukisimama pembeni ya mkanda utayaona yanageuka kutoka manjano kuwa kijivu. Yalianza kugeuka mapema. Kila siku mapema kidogo. Kengele inalia, watu wanatawadha, nje giza limeshakomaa.

"Bibi mkalimani," Guure alimuuliza, "magharibi yako bado ina joto?"

"Muda bado upo, adeer."

"Upo. Lakini unachechemea."

Dahabo alijua unachechemea. Usiku alikuwa analala anaangalia simu, anapiga hesabu ni lini magharibi itagongana na isha, na akifika kwenye jibu anazima simu kama mtoto anayefumba macho ili asionekane. Aende akamwambie nini Kolterman? Kwamba namba aliyompa imeoza?

Halafu ikaja ile Jumapili ya mwanzo wa Novemba. Hawakuwa kazini. Dahabo alikuwa jikoni anamimina canjeero, chapati za maji za Kisomali, kwenye kikaango, Ubah anakunja nguo, mara adhana ya magharibi ikalia kwenye simu. Dahabo akatazama saa ya jiko. Akatazama simu. Zilikuwa zimepishana saa nzima.

"Simu yako imerukwa na akili," alisema Ubah.

Lakini mapazia yalipofunuliwa, jua lilikuwa linazama kweli, jekundu, nyuma ya maghala ya mahindi, na kwenye simu ilikuwa saa kumi na moja na ushee. Dahabo akampigia Guure.

"Wamerudisha saa nyuma," alisema Guure, na safari hii hakucheka. "Kila mwaka wanafanya hivyo. Nchi nzima, usiku mmoja."

"Kwa idhini ya nani?"

"Yao wenyewe. Dahabo, kesho kengele ikilia, magharibi itakuwa imeshakwisha kabisa. Isha itakuwa imeingia."

Canjeero iliungua. Ubah akalizima jiko, akamtazama dada yake.

Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mapazia yalikuwa ya kijivu, kisha meusi, na mkanda unaendelea kuleta mabega ya ng'ombe, na watu thelathini wanakata huku wanatazama mlangoni. Foromani aliwaruhusu wavuta sigara wawili watoke, wakatoka, wakarudi wananuka. Kengele ilipolia watu walikusanyika kwenye ukumbi wa makabati na hawakujua wakae vipi. Mmoja akasema tuilipe kama deni. Mwingine akasema tuichanganye na isha, mbona msafiri anachanganya? Guure akasema amempigia sheikh kule Minnesota, na sheikh amesema dharura ni siku moja, si majira mazima ya baridi. Kila mtu akaswali alivyoona, huyu huku, yule kule, bila safu. Kwa mara ya kwanza tangu Aprili Dahabo aliwaona watu wake wametawanyika.

Ubah alivaa aproni yake, akaja hadi mbele yake.

"Umeiuza magharibi yetu, dada. Kwa sahihi yako."

"Ubah, nitakwenda ofisini kesho."

"Uliambiwa. Adeer Guure alikuambia kwenye ngazi. Lakini wewe wa hospitali bwana, nani akuambie kitu?"

Kuanzia hapo Ubah hakumsemesha tena. Walilala chumba kimoja, vitanda viwili, kimya mpaka unasikia friji. Mtoto aliyempanga vifundo vya miguu, aliyembeba mgongoni wakivuka mpaka, akawa anakunywa chai yake amegeukia ukuta.

Alikwenda ofisini. Alifika mapema kabla ya zamu, akapita chini ya lile bango la kantini linalosema hapa kiwandani mtu habaguliwi kwa dini yake, kwa lugha tatu. Kisomali chake alikitafsiri yeye mwenyewe.

"Tunaomba kusogeza chakula," alimwambia Kolterman. "Jua limehama."

Kolterman alikuwa amechoka, macho mekundu. Mezani kulikuwa na kikombe cha kahawa iliyoganda. "Jua limehama," alirudia. "Dahabo, wewe ndiye uliyenipa saa ile. Sahihi ni yako. Nimezungusha zamu nzima kwa ajili yenu. Sasa unataka watu wale saa kumi na moja, ndiyo kwanza wamefika, halafu wakate nyama muda wa saa sita hawajatia kitu mdomoni?"

"Mapumziko mafupi tu basi, dakika kumi."

"Dakika kumi mkanda umesimama, ofisi kuu inanipigia mimi, si wewe."

Hapo Dahabo akasema neno alilolala nalo. "Bwana Kolterman, juzi nchi yenu nzima imesogeza saa usiku mmoja. Ndege, treni, shule, mahakama. Hakuna aliyelia. Sisi tunaomba tusogeze sahani."

Kolterman nusura atabasamu. Kisha akajikaza.

"Msimu ujao mtaniambia limehama tena."

"Litahama. Ndivyo lilivyo. Mimi sikujua. Kwetu halihami hivi."

"Basi na mimi siwezi kuendesha kiwanda kwa jua."

Alitoka, akaenda kuvaa aproni. Kwenye mkanda, jirani yake wa kulia, Eulalia, mama mfupi wa Guatemala mwenye mikono ya haraka kuliko mashine, alikuwa amenuna tangu zamu ianze, maana habari ilishaenea.

"Ati mnataka tule saa kumi na moja? Mimi ni kuku?" alisema. "Tulishazoea saa ile. Mlituzoesha nyinyi."

"Imekataliwa, Eulalia. Tulia."

Eulalia akakata mabega mawili. Akamtazama Dahabo kwa pembeni, akaona machozi yanadondokea kwenye glavu.

"Na mkienda wawili wawili?" akasema. "Kama wavuta sigara. Wewe nenda, mimi nivute nyama yako. Ukirudi aende mwenzio. Na mimi hawa hawa waliwahi kuninyima Jumapili ya Mungu wangu. Najua inavyouma."

Dahabo nusura ambusu katikati ya nyama. Wakati wa kubadilisha visu alipanda ngazi mbio, akalieleza wazo lile lote: wawili wawili, majirani wanashika kazi, mkanda hausimami hata kidogo, chakula hakisogei. Ungedhani Kolterman angeruka kwa furaha. Wapi! Alimsikiliza amesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Mtu mmoja kukata nyama ya watu wawili? Akijikata?"

"Wavuta sigara wanatokaje?"

"Hao wawili, watatu. Nyinyi ni thelathini." Akashusha sauti. "Dahabo, nakuambia kwa wema. Ofisi kuu imeshachoka kusikia habari ya sala. Nikiwapa hili, kesho kila mtu analeta mungu wake hapa mezani. Watu wako wana bahati ya kuwa na kazi. Waambie washukuru."

Wema huo, jamani! Sheria ya nchi yake mwenyewe inamwambia ampishe mtu na dini yake kama haimletei hasara kubwa, na hasara alikuwa hajaitafuta hata kwa tochi. Guure aliposikia alisema kuna ofisi ya serikali ya kupeleka malalamiko, anaijua, majibu huja ndani ya mwaka ukibahatika. Mwaka! Na jua lilikuwa linazama jioni hiyo hiyo.

Jumatano mama yao alipiga simu kutoka Dadaab. Mama alikuwa mgonjwa wa moyo. Dawa zake zilinunuliwa Garissa, na zilinunuliwa kwa mshahara wa Dahabo, kwa sababu wa Ubah ulikuwa unalipa nyumba. Mama alipumua kwenye simu kama mtu anayepanda kilima.

"Mnaswali, wanangu?"

"Tunaswali, mama."

"Pamoja?"

Dahabo alimtazama Ubah, mgongo wake, shuka limefunika mpaka sikioni. "Pamoja, mama."

Ubah hakuwa amelala. Dahabo aliliona bega lake likitikisika, na hakujua kama ni kilio au ni hasira, na hakuthubutu kuuliza.

Alhamisi waliitwa kantini kabla ya zamu, Wasomali peke yao. Kolterman alisimama chini ya lile bango, akamwita Dahabo asimame ubavuni pake.

"Watafsirie neno kwa neno," alisema. "Nimesikia watu wanapanga kuacha mkanda leo jua likizama. Atakayeacha mkanda bila ruhusa, nitahesabu amejiuzulu mwenyewe. Sijamfukuza mtu. Amejiuzulu. Jumatatu naleta watu wengine."

Dahabo alijua wanapanga. Hakuna aliyemwambia, lakini walikuwa wananyamaza akikaribia. Aliwatazama. Nyuso zilizomtuma ofisini Septemba, sasa zinamtazama kama unavyomtazama askari wa mpakani. Angeweza kupunguza ukali. Angeweza kusema anawasihi, kusema subirini. Hospitalini alijifunza kwamba ukimpunguzia mgonjwa habari unamuua mara mbili. Akatafsiri neno kwa neno.

"Hayo maneno ni yake au yako?" aliuliza Guure kutoka nyuma.

"Ni yake. Mdomo ndio wangu."

"Basi mwambie tumesikia mdomo."

Walipotawanyika Kolterman alimgusa begani, kisha akakumbuka, akaondoa mkono. "Wewe baki, Dahabo. Hata wao wakitoka, wewe baki kwenye mkanda wako. Hao wapya watahitaji mtu wa kuwaonyesha kazi. Nitakupandisha, hutakata nyama tena."

Hebu fikiri. Mama anapumua kama mtu apandaye kilima, na mtu huyu anakuambia hutakata nyama tena. Dahabo alivaa glavu za chuma, aproni, kofia, akaziba masikio, akasimama mahali pake. Mkanda ukaanza.

Alikata. Kisu kilikuwa kikali siku hiyo, kinaingia kwenye bega kama kwenye siagi, na yeye hakukiona. Macho yalikuwa mlangoni. Mapazia ya plastiki yalikuwa ya manjano. Alimwona Ubah mwisho wa mkanda, kichwa chini. Ya Rabi, alikuwa anaomba, lisizame leo. Siku moja tu, lisizame. Mapazia yakawa ya chungwa. Yakawa ya kijivu.

Ubah ndiye aliyeanza. Aliweka kisu kwenye ala, akavua glavu moja, akavua ya pili, akazilaza taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Akaondoka. Kisha mwanamke wa pili, kisha wanaume kule upande wa mifupa, kisha Guure na meno yake yamefichika, na hakuna aliyekimbia wala aliyepiga kelele. Kila aliyepita nyuma ya Dahabo alipita tu. Hata mmoja hakusema njoo.

Hilo ndilo lililomvunja. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Mabega yakaanza kurundikana. Eulalia alikuwa anakata lake, anakata la Dahabo, anaruka kukata la aliyeondoka, jasho linamtoka kwenye baridi ile, analaani kwa Kihispania, halafu akalaani kwa lugha ya kwao ambayo hakuna aliyeijua. "Nenda!" alimpigia kelele. "Umesimama nini hapo kama nguzo?" Dahabo hakwenda. Mkono wake ulikuwa na kisu na akili yake ilikuwa Garissa, kwenye duka la dawa.

Foromani akabonyeza kitufe chekundu, mkanda ukasimama. Kiwanda kikawa kimya, kimya kibaya. Kolterman alishuka ngazi mbili mbili.

"Njoo nami," alimwambia Dahabo. "Utawaambia kwa mara ya mwisho. Wakirudi sasa hivi nitajifanya sijaona. Wasiporudi, basi."

Alimfuata. Mtu akimwona angesema mke anamfuata mume. Walipofika mlango wa ukumbi wa makabati, Guure alikuwa ameshakimu, na Fatiha inasomwa kwa sauti ile yake ya kukwaruza, sauti ya mtu aliyepiga honi miaka mingi. Wanaume safu mbili. Nyuma yao wanawake, safu moja, kutoka kabati la kwanza hadi ukutani, bega kwa bega, kidole cha mguu kwa kidole cha mguu. Maboksi yote yalikuwa yametandikwa. Safu imejaa, hakuna pengo hata la mtoto.

"Waambie," alisema Kolterman.

"Wanaswali."

"Naona. Waambie."

"Anayeswali hasemeshwi, Bwana Kolterman. Subiri. Ni rakaa tatu, ni fupi."

"Sina muda wa kusubiri. Ofisi kuu iko kwenye simu sasa hivi. Sema chochote, wewe wanakusikiliza."

Wanakusikiliza! Dahabo alitaka kucheka. Alisimama pale, nyuma yake meneja, mbele yake migongo. Migongo ya watu wake ilikuwa imefungwa kama ukuta, na yeye alikuwa nje. Alijua nyumbani kuna kitanda na kimya. Alijua mama. Alijua Jumatatu kuna kazi ya kukaa, joto, bila kisu, ya kuwaambia wageni wasioijua sala yake mahali pa kutundika aproni. Aliyajua yote hayo.

Akavua glavu za chuma, zikaanguka sakafuni kwa kishindo, akavua aproni na viatu. Hakuwa ametawadha tangu nyumbani, lakini udhu wake wa nyumbani bado ulikuwepo. Akaivuta hijabu mbele. Hapakuwa na boksi. Akasimama kwenye saruji yenye baridi, nyuma kabisa ya safu, peke yake. Akainua mikono.

"Dahabo?" alisema Kolterman. "Dahabo, usifanye hivyo. Na wewe? Na wewe nitakuhesabu!"

"Allahu akbar," alisema Dahabo.

Mbele yake ulikuwa mgongo wa Ubah. Hakuuchagua, ndipo alipoangukia. Aliijua ile nguo, ni yake yeye mwenyewe, ya buluu, iliyochanika kwapani na kushonwa kwa uzi mweusi. Akanyoosha mkono, akaishika ncha kwa vidole viwili, akavuta. Alivuta kwa adabu.

Ubah hakutikisika.

Guure alimaliza Fatiha, wote wakaitikia amina, sauti ikagonga makabati ya bati. Kolterman alikuwa anataja majina sasa, jina moja moja, la Dahabo akilisema vibaya kama kawaida. Dahabo alikuwa bado ameishika ile nguo. Hakuvuta mara ya pili. Alijiambia, akikataa, ni haki yake. Nitaswali nyuma ya watu kama mwenye ukoma, na nitaiswali hivyo hivyo. Machozi yalimteremka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

Kisha mguu wa kulia wa Ubah ukarudi nyuma. Ukafuata wa kushoto. Safu ya mbele ikajibana, pengo likafunga. Ubah akasimama kwenye saruji ubavuni kwa dada yake, akasogea mpaka bega likagusa bega, na kidole chake kidogo cha mguu, cha baridi kama nyama, kikagusa cha Dahabo.

Ubah alikuwa analia pia. Guure akarukuu, na wote wakarukuu naye, na mlangoni meneja alikuwa bado anamwita mkalimani.